Mtoto Ameombwa Kuingia Utafiti wa Dawa: Tumjibu Nini?

Somo la leo halikutoka kitabuni. Lilitoka kwa mama mmoja wa darasa letu la jioni, mwanzoni mwa mwaka 2024. Tulikuwa tumemaliza kusoma, wenzake wamekwisha kuchukua madaftari yao na kuondoka, yeye akabaki kwenye dawati. Akanipa simu yake.

"Mwalimu, nisomee. Nimesoma mara mbili. Maneno nimeyajua, lakini maana yake inanikataa."

Ujumbe ulitoka kwa mwanawe aliyeko Australia, anakofanya kazi. Kwa ufupi ulisema hivi: kidonda cha unyayo alichokatwa kimeonekana ni saratani iitwayo melanoma. Saratani hiyo ilikwisha kufika kwenye tezi za kinena, zile zinazovimba tukasema mtu ana mtoki, nazo zimetolewa. Sasa madaktari wanamwomba aingie katika utafiti wa dawa mpya. Amepewa karatasi zaidi ya ishirini azisome, na siku kadhaa za kufikiri. Hataki kutia sahihi kabla ya kupata radhi ya mama yake.

"Eti wanataka kumfanya mwanangu panya wa majaribio?" mama akaniuliza.

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilimwomba kijana atutumie zile karatasi, tukazisoma kwa jioni tatu: mimi, mama, na mjomba wa kijana ambaye hapendi hospitali hata kidogo. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, basi mimi nikawa nageuza, wao wakawa wanauliza. Maswali yao yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Ugonjwa wenyewe

Ngozi ya kila mtu ina chembe zinazotengeneza rangi. Melanoma ni saratani inayoanzia katika chembe hizo. Australia ni miongoni mwa nchi zinazosumbuliwa sana na melanoma duniani, kwa sababu wakazi wake wengi wana ngozi nyeupe na jua la kule ni kali. Sisi weusi huugua mara chache. Lakini tukiugua, mara nyingi huanzia mahali ambapo hatupaangalii: unyayoni, kiganjani, au chini ya ukucha. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika ambaye wengi mnamjua, alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Alifariki mwaka 1981, ana umri wa miaka 36.

Kwa hiyo doa jeusi la unyayoni linalokua, linalobadilika rangi au kutoka damu, si la kusubiri. Sisi husema ni mwiba, tunalichokonoa kwa sindano, tunalifunga kitambaa, na miezi inapita. Nenda zahanati ukalionyeshe.

Utafiti si sawa na matibabu

Hapa ndipo tulipokaa jioni nzima ya kwanza, na naomba nawe usipaharakishe.

Daktari anapokutibu, huchagua dawa kwa ajili yako wewe. Anapofanya utafiti, hufuata mpango ulioandikwa kabla hajakuona, ili apate jibu la swali. Swali lenyewe ni hili: je, dawa mpya inasaidia kuliko ile tuliyo nayo? Anaweza kuwa daktari yule yule, na koti lile lile jeupe, na anakujali kweli. Lakini sasa ana kazi mbili. Watu wengi hukosea hapa, hata waliosoma sana. Hudhani kila jambo lililomo katika mpango limewekwa kwa faida yao. Mengine yamewekwa kwa faida ya wagonjwa watakaokuja baadaye. Hilo si jambo baya, ila ni lazima mtu alijue kabla ya kutia sahihi.

Utafiti wa dawa huenda kwa hatua. Hatua ya kwanza huchukua watu wachache, kutafuta kipimo ambacho mwili unaweza kukistahimili. Hatua ya pili hutazama kama dawa ina dalili ya kufanya kazi. Hatua ya tatu huchukua mamia au maelfu ya watu, na kuilinganisha dawa mpya na ya zamani. Ukiombwa, uliza kwanza: hii ni hatua ya ngapi? Katika hatua ya kwanza tegemea faida ndogo kwako mwenyewe. Kijana wetu aliombwa hatua ya tatu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wote wangepewa dawa iliyokwisha kukubaliwa, inayotiwa kwa dripu ili kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Juu ya hiyo, baadhi wangechomwa chanjo mpya inayotengenezwa kwa kupima uvimbe wa mgonjwa mwenyewe. Wengine wangechomwa sindano isiyo na dawa. Nani apate ipi, ingeamuliwa kwa kura. Mgonjwa asingejua, na daktari anayemhudumia naye asingejua.

Mama alishangaa. "Kama hiyo mpya ni nzuri, kwa nini wasimpe tu?"

Nikamkumbusha shamba darasa letu. Bwana shamba alipoleta mbolea mpya, alipima vipande viwili vya ardhi ile ile, kimoja mbolea mpya, kimoja ya zamani. Kama angeiweka mpya kule bondeni kwenye rutuba na ya zamani kule kwenye changarawe, tungejidanganya. Kwa wagonjwa ni hivyo hivyo. Daktari akichagua mwenyewe, bila kukusudia ataweza kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu. Kura huondoa upendeleo.

Tena, dawa mpya si lazima iwe nzuri. Chanjo nyingine ya melanoma, iitwayo MAGE-A3, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba haikuzuia ugonjwa kurudi. Waliochomwa sindano isiyo na dawa hawakukosa kitu. Hiyo chanjo aliyoombwa kijana ilikuwa na matumaini, kwani utafiti wa hatua ya pili wa watu 157 ulionyesha ugonjwa ulirudi kwa wachache zaidi. Lakini watu 157 ni wachache. Ndiyo maana wakaja na hatua ya tatu.

Nisiseme upande mmoja tu. Wakati mwingine kura huuma. Kidonge kiitwacho vemurafenib kilijaribiwa kwa wagonjwa 675 wa melanoma iliyokwisha kuenea. Baadhi walipata kidonge, wengine dawa ya zamani ambayo madaktari walijua inasaidia wachache. Baada ya miezi 6, katika kila wagonjwa 100 wa kidonge, 84 walikuwa hai. Kwa dawa ya zamani, 64. Kamati inayotazama matokeo ilipoona hivyo, mwaka 2011, ikashauri wa dawa ya zamani wapewe kidonge. Wapo waliokuwa wamekwisha kufa. Madaktari wenyewe walibishana kama ilikuwa haki kupiga kura ile. Mimi nadhani swali hilo halina jibu jepesi, na anayekuambia lina jibu jepesi humwamini tu mwenye kampuni, au humwogopa tu.

Ukikataa, utapata nini?

Kama ungeniruhusu swali moja tu, ningechagua hili. Mtu aliyeishiwa na dawa, ambaye akikataa utafiti anarudi nyumbani mikono mitupu, hayuko sawa na mtu ambaye akikataa bado ana matibabu mazuri. Wa kwanza anaweza kukubali hatari kubwa. Wa pili ana haki ya kupima polepole. Kijana alipouliza, akaambiwa: ukikataa utapata dawa ile ile ya dripu, na hakuna atakayekununia. Basi kukataa kusingemharibia matibabu, na kukubali kusingemnyima dawa ya kawaida. Mama aliposikia hilo mabega yalishuka.

Jioni ya pili tulisoma madhara. Dawa hizi za kuamsha kinga zina upanga wa pande mbili, kwa sababu kinga iliyoamshwa inaweza kuugeukia mwili wenyewe. Huweza kuunguza utumbo, mtu akaharisha vibaya. Huweza kuingia ini, mapafu, au tezi ya shingoni, na tezi ikiharibika mtu hunywa vidonge maisha yake yote. Wapo waliokufa. Katika utafiti mmoja wa dawa ya namna hii, ipilimumab, uliotangazwa mwaka 2010, wagonjwa walikuwa 676, na vifo 14 vilihesabiwa kuwa vimetokana na dawa zilizokuwa zikijaribiwa. Utafiti huo huo ndio ulioonyesha kwa mara ya kwanza kwamba dawa hiyo huongeza maisha ya wagonjwa wa melanoma iliyoenea. Mambo yote mawili ni kweli, na mgonjwa lazima aambiwe yote mawili.

Halafu tukafika ukurasa uliomkwaza mama kuliko vifo. Uliandikwa kwamba wakati wa dawa, na kwa miezi kadhaa baadaye, kijana asimpe mwanamke mimba, maana haijulikani dawa itamfanya nini mtoto. "Na mimi mjukuu nitamwona lini?" akasema. Tulicheka kidogo, lakini si jambo la kuchekesha. Kama mtu ana mpango wa kuzaa, aulize mapema.

Ukurasa mwingine ulisema damu na kipande cha uvimbe vitahifadhiwa. Mjomba akasimama. "Damu ya mtu inawekwa ya nini?" Nikamweleza kuwa chanjo hutengenezwa kwa uvimbe ule, lakini nikakubali kwamba swali lake lina msingi. Lazima karatasi iseme damu itakaa wapi, kwa miaka mingapi, na kwa kazi gani. Ikiwa haisemi, uliza.

Hofu ya mjomba ina historia. Kule Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Dawa ya penisilini ilipopatikana, hawakupewa. Ni kwa sababu ya maovu ya namna hiyo kwamba leo kuna sheria za ridhaa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, la Chama cha Madaktari Duniani, linataka mgonjwa aelezwe, akubali kwa hiari, na aweze kujitoa wakati wowote.

Lakini mjomba alitaka kijana arudi nyumbani kwa mitishamba. Hapo tulitofautiana. Mwaka 2011 magari yalijipanga kwa kilometa nyingi Samunge, Loliondo, watu wakienda kunywa kikombe. Kikombe kile nacho kilikuwa dawa isiyojulikana itasaidia nani, ila hapakuwa na karatasi, wala mtu wa kukufuata baada ya miezi 6 kuuliza hali yako. Nilimwuliza mjomba: panya ni yupi hapo? Hakunijibu, akaomba chai.

Na hapa kwetu

Usidhani haya ni mambo ya Australia tu. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza kujaribiwa kwa hatua ya tatu mwaka 2009 katika nchi 7 za Afrika, na Bagamoyo na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo. Wazazi waliombwa ridhaa kwa ajili ya watoto wao. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Kwa hiyo karatasi kama ile inaweza kufika mlangoni pako, kwa ajili ya malaria, kifua kikuu au ugonjwa mwingine. Hapa Tanzania Bara utafiti wa dawa lazima uwe na kibali cha kimaadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Omba uonyeshwe. Asiyejua kusoma hutia dole gumba mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti. Lakini wewe umehitimu kisomo. Usikubali kukimbizwa kwenye dole gumba eti foleni ni ndefu. Omba karatasi ya Kiswahili, nenda nayo nyumbani, soma na mwenzako.

Kijana alimpigia simu daktari wake akauliza mambo matatu yaliyobaki: nikiumia na dawa, nani atagharimia matibabu, nikizidiwa usiku, nimpigie nani, utafiti ukiisha, nitaambiwa nilipewa ipi? Alijibiwa yote, na majibu mawili yalikuwa yamo kwenye karatasi, ukurasa ambao sisi tuliuruka kwa usingizi.

Jioni ya tatu mama alimtumia sauti. "Mwanangu, nimeisoma pamoja na Mwalimu. Radhi yangu unayo, ukikubali au ukikataa. Sahihi tia mwenyewe, usiseme ni mama kasema."

Alitia sahihi. Alichomwa sindano zake kwa takriban mwaka mmoja, na mama kila mara alikuwa akiniuliza kama naweza kujua ilikuwa dawa au ya bure. Mjomba hajakubali mpaka leo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya daktari anayetibu na daktari anayefanya utafiti?

2. Kwa nini wagonjwa hupangwa kwa kura? Toa mfano wa shambani kwako.

3. Mtu mmoja hana dawa nyingine iliyobaki. Mwingine anayo dawa nzuri. Wote wameombwa kuingia utafiti wa hatua ya kwanza. Ungewashauri jambo moja? Kwa nini?

4. Mama alisema "usiseme ni mama kasema." Je, alikuwa na haki kusema hivyo, au alikwepa mzigo? Bishaneni.