Mateso Yapi ni Sadaka? Tuisome Isaya 53 Taratibu

Wanachuo wenzangu, sura hii tunaisikia kila Ijumaa Kuu, ila wengi tunaipita mbio. Tuisome taratibu, maana tunavyoielewa kunagusa maisha ya watu hapa hapa chuoni.

Swali la kwanza: nabii anamsema nani? Katika Matendo 8, yule towashi wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake, alimuuliza Filipo swali hilohilo akiwa garini, njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Wayahudi wengi husema Mtumishi huyo ni taifa la Israeli, na Isaya 49:3 inawapa hoja. Sisi Wakristo tunamwona Yesu. Na mtu asidhani maneno haya yalitungwa baada ya msalaba: gombo la Isaya lililopatikana Qumran mwaka 1947 linakadiriwa kunakiliwa miaka 100 hivi kabla ya Kristo.

Swali la pili ndilo zito: je, kila mateso ni sadaka? Mimi nasema hapana. Mtumishi anajitoa mwenyewe, tena kwa ajili ya wengine. Halafu mstari wa 8 hauipambi hukumu yake. Unaonyesha wazi kwamba alionewa. Mungu kuleta wokovu kupitia kifo kile hakumfanyi Pilato kuwa mwenye haki.

Mfano ni padri Maximilian Kolbe. Mwaka 1941, katika kambi ya Auschwitz, wafungwa 10 waliteuliwa wafe kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, alilia akiwataja mke na watoto. Kolbe akaomba afe badala yake, akauawa Agosti 14. Gajowniczek aliishi hadi 1995. Hiyo ni sadaka. Ila kambi ile ilibaki kuwa uovu mtupu.

Sasa mfikirie binti anayedaiwa rushwa ya ngono ili afaulu somo, halafu wenzake wa kikundi cha maombi wanamwambia, "Vumilia dada, ni msalaba wako." Hapana jamani! Hakuchagua kitu, na ukimya wake haumwokoi yeyote. Unamlinda mkosaji tu. Isaya huyohuyo, sura ya 1 mstari wa 17, anaagiza tumsaidie anayeonewa.

Kama unautaka msalaba kweli, nenda naye akatoe taarifa. Kaa upande wake hata ukichukiwa, hata ukiogopa kwamba matokeo yako nayo yatashikwa. Hapo utakuwa umeanza kuielewa Isaya 53.