Mbwa Anayerudi Langoni Usiku Kucha

Mbwa wa ploti akienda langoni, akarudi, akaenda tena, wengi humrushia jiwe anyamaze. Usimpige kabla hujajua anachokilinda. Mbwa husikia sauti za hadi takriban mitetemo 45,000 kwa sekunde. Sikio la mtu hukomea kwenye 20,000. Akikodolea macho ukuta wa mabati huko Gatwekera, Kibera, huenda anawasikia panya usioweza kuwasikia wewe.

Andika kwenye daftari kwa siku chache: anaanza saa ngapi, anatazama wapi, nani anapita. Kawangware, ambako vyumba kumi vinaweza kutumia koridoo moja, jibu mara nyingi ni la kawaida: akina mama wanaoamkia soko la Marikiti kununua mboga. Mbwa anabweka, wao wanapita zao, naye anaamini amewafukuza. Kesho anarudia kwa bidii zaidi. Ndiyo maana kumfokea hakusaidii. Anadhani nawe unabweka pamoja naye. Ziba ule mwanya wa mabati anaochungulia. Kabla ya saa yake kufika, mwite, mpe kipande cha ugali akiwa kimya, na endelea hivyo kila siku.

Sasa mpime. Mwite jina akiwa katikati ya doria. Akigeuka, akatikisa mkia, akala na kulala vizuri, anafanya kazi yake. Asipoweza kuacha, akifukuza mkia wake au kulamba mguu hadi nyama ionekane, anateseka, na mara nyingi chanzo ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa tangu alfajiri hadi jioni hana njia nyingine ya kutoa nguvu. Mfungue, mtembeze asubuhi na jioni. Asipopata nafuu, au akiwa mzee anayeanza kupoteza macho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, si mbali na Kawangware. Wa Kibera wana KSPCA, shirika la kutunza wanyama, Barabara ya Langata.

Jambo moja halingoji daftari. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa mate, anayeshindwa kumeza au anayeng'ata hewa, huenda ana kichaa cha mbwa. Usimguse, waondoe watoto, mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, maana dalili zikishaanza kwa binadamu ugonjwa huu karibu kila mara huua. Mchanje mbwa wako anapofikisha miezi mitatu, na urudie kila mwaka.