Mkondo wa Data Katika Skrini ya Mgonjwa: Namba Iliyosimama si Mgonjwa Aliyetulia

Skrini inayoonesha hali ya mgonjwa kupitia kivinjari hujengwa kwa vijenzi, yaani vipande vidogo vya programu. Kijenzi kimoja huonesha oksijeni katika damu, kingine mapigo ya moyo, kingine jina la mgonjwa. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, ni miongoni mwa zana za kujengea skrini za namna hiyo.

Vijenzi hulishwa na mkondo wa data, yaani vipimo vinavyofuatana kadiri muda unavyokwenda. Kijenzi hujiunga na mkondo, na kila kipimo kipya kinapofika, namba hubadilika bila mtumiaji kufungua ukurasa upya. Katika zana iitwayo RxJS, mkondo hutoa taarifa za aina tatu: kipimo kipya, hitilafu na tamati.

Hatari ya ukimya

Mtandao ukikatika ghafla, huenda isifike taarifa yoyote kati ya hizo tatu. Kijenzi hubaki na kipimo cha mwisho. Asilimia 97 iliyopimwa saa nne asubuhi huendelea kuonekana saa tano, ingawa oksijeni ya mgonjwa imekwisha kushuka chini ya asilimia 90, kiwango cha hatari. Kwa hiyo, programu huwekewa ukomo wa kusubiri: ukipita bila kipimo kipya, namba hufutwa na onyo hutolewa.

Hatari ya kuchanganya wagonjwa

Muuguzi anapofungua taarifa za kitanda cha 5 baada ya kitanda cha 4, kijenzi hakina budi kujiondoa katika mkondo wa kwanza. Kisipojiondoa, kipimo cha kitanda cha 4 kilichochelewa njiani chaweza kutokea chini ya jina la mgonjwa wa kitanda cha 5.

Mambo ya kuzingatia

1. Mhudumu wa afya asome jina la mgonjwa na saa ya kipimo kabla ya kusoma namba.
2. Skrini isiyoonesha saa ya kipimo isitegemewe peke yake katika kuamua tiba.
3. Namba isipolingana na hali ya mgonjwa, apimwe upya papo hapo kitandani.
4. Mgonjwa anayepumua kwa shida, au ndugu anayemwona hivyo, amwite mhudumu mara moja, hata kama skrini inaonesha namba nzuri.