Masika si printemps: somo la kutafsiri majira kutoka milima ya Walungu

Tuchukue sentensi fupi ya Kifaransa, ya aina tunayokutana nayo katika mazoezi ya tafsiri: « Au printemps, le temps est instable sur ces hauts plateaux désertiques. » Hakuna neno gumu hapo. Hata hivyo, wanafunzi watatu wakiitafsiri, huenda tukapata majibu matatu. Wa kwanza ataandika masika, kwa kuwa neno hilo hutumiwa na wafasiri wengi. Wa pili ataandika majira ya machipuko. Wa tatu, mtoto wa Walungu, atakumbuka kwao na kuuliza: masika ya mwezi gani?

Swali la huyo wa tatu ndilo somo letu. Jina la majira halitaji wakati tu, linabeba pia kipimo ambacho watu wa mahali fulani walikitumia kuugawa mwaka. Mfasiri asiyekijua kipimo hicho atahamisha neno na kuacha maana nyuma.

1. Pwani: mwaka unapimwa kwa upepo

Majina ya majira katika Kiswahili sanifu yalizaliwa kando ya Bahari ya Hindi. Huko, upepo wa kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Upepo wa kusi huanza karibu na Aprili na kuyarudisha. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, wakati pepo hizo zinapopokezana. Vuli ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Kipupwe ni ule ubaridi wa Juni hadi Agosti.

Mabaharia walikuwa pia na jina la kipindi cha katikati, pepo zinapobadilika-badilika kabla ya moja kushika njia: maleleji, au tangambili. Tukitafuta pwani neno lililo karibu na hali ya hewa isiyotulia, hili linakaribia kuliko masika. Lakini nalo ni neno la tanga na bahari. Halitufai moja kwa moja kwa nchi isiyo na pwani.

Kiswahili kilifika kwetu mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, kisha kikaenezwa na utawala, shule na misheni. Maneno yalipanda mlima, ila pepo zilizoyazaa zilibaki baharini. Leo kila mtu wa Bukavu anasema kaskazini na kusini bila kufikiri kwamba anataja pepo mbili za jahazi.

2. Walungu: mwaka unapimwa kwa maji

Walungu iko kati ya digrii 2 na 3 kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki sana: ni karibu saa 12 mwaka mzima. Joto nalo hutegemea zaidi mahali ulipo mlimani kuliko mwezi uliomo. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana anayetoka Kamanyola, kwenye uwanda wa Ruzizi, na kupanda mpaka kwenye vilima vya Ngweshe, huhisi kama amebadilisha majira, kumbe ni siku ileile.

Kinachogawa mwaka wetu ni mvua, au mvula kama tunavyoiita nyumbani. Hunyesha takriban kuanzia Septemba hadi Mei, nayo Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Neno kiangazi halitupi shida, kwa kuwa asili yake ni kuangaza, na jua huangaza popote. Wakulima hugawa muda wa mvua mara mbili: msimu A, unaoanza Septemba, na msimu B, unaoanza karibu na Februari. Jirani zetu wa Rwanda wana jina mahususi kwa mvua za Septemba hadi Desemba: umuhindo. Lugha yao ilikulia milimani, nayo ikaupa jina mwanzo huo.

Kwetu kipindi kisichotulia ni huo mwezi wa Septemba. Ukanda wa mvua unalifuata jua linapovuka ikweta kuelekea kusini, lakini haufiki kwa siku moja wala kila mahali kwa pamoja. Asubuhi jua huwaka. Mchana hewa yenye unyevu hupanda kwenye miteremko na mawingu hujikusanya. Jioni kilima kimoja hupata mvua ya mawe na cha pili hubaki na vumbi. Methali inasema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa Walungu anaikubali, ila anajua pia kwamba dalili si mvua yenyewe.

3. Jangwa la juu: mwaka unapimwa kwa joto

Sasa turudi kwenye sentensi yetu. Nyanda za juu za jangwa zipo, kwa mfano, Nevada na Utah, magharibi mwa Marekani. Sehemu nyingi za huko ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, kimo kisichoachana sana na cha Bukavu. Ukavu wake una sababu ambayo sisi pia tunaifahamu: milima ya Sierra Nevada huzuia unyevu wa Pasifiki, kama vile milima yetu inavyochangia kuuacha uwanda wa Ruzizi mkavu kuliko vilima.

Tofauti ni kwamba huko mchana wa Desemba ni mfupi mno na wa Juni ni mrefu mno. Kwa hiyo watu huugawa mwaka kwa baridi na joto. Printemps ni mpito: jua la Aprili tayari lina nguvu na linaipasha ardhi moto, lakini dhoruba zenye hewa baridi bado zinapita juu. Siku moja inaweza kuwa na jua, upepo wa vumbi na theluji. Hata Wafaransa, ambao hawaishi jangwani, wana methali inayomwonya mtu asijivue hata uzi mmoja mwezi wa Aprili.

4. Kosa linapofika shambani

Mtu anaweza kusema: haya ni mabishano ya darasani. Hapana. Fikiria karatasi ya ushauri wa kilimo iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Tanzania au Kenya: « Panda maharage mwanzoni mwa masika. » Mwandishi alikusudia Machi. Msomaji wa Walungu anaweza kuelewa mvua zote, kuanzia ile ya kwanza ya Septemba. Akimwaga mbegu kwenye mvua hiyo ya kwanza, kisha jua likarudi kwa wiki mbili, mbegu zitaota na kukauka. Mbegu hizo alizitunza kiangazi kizima bila kuzila. Na Septemba ni mwezi ambao shule zinafunguliwa, kwa hiyo fedha ya kununua nyingine inagombaniwa na karo. Neno moja limekula msimu.

5. Tufanyeje?

Kabla ya kutafsiri jina la majira, tujiulize maswali matatu. Ni mwezi gani? Ni nini kinachobadilika: upepo, maji au joto? Watu hufanya nini wakati huo? Kisha tuandike majibu ndani ya sentensi, hata kama itarefuka kidogo.

Majira ya machipuko si kosa, lakini peke yake hayatoshi. Kwetu majani huchipua mvua ikirudi, kwa hiyo msomaji wa Walungu ataona Septemba mahali pa Aprili. Neno instable nalo lataka uangalifu. Kigeugeu humfaa zaidi mtu asiyetimiza ahadi; kwa hewa, kitenzi cha kawaida kinatosha. Napendekeza hivi: « Kati ya Machi na Mei, baridi inapoanza kupisha joto, hali ya hewa haitulii katika nyanda hizo za juu za jangwa. » Na ile karatasi ya kilimo ingesema: « Panda mvua ikishanyesha siku kadhaa na udongo ukalowa chini, si juu tu. » Hapo hakuna jina la majira hata moja, na mkulima ameelewa.

Zoezi

Waulize wazee wawili wa nyumbani kwenu, mmoja wa vilimani na mmoja wa uwandani, wanavyoziita kwa Mashi au kwa lugha yao siku za mwanzo wa mvua. Andika neno, mwezi wake, na kazi inayofanyika. Kisha lieleze kwa Kiswahili bila kutumia masika wala vuli.