Elimu kwa Wakazi: Ndege wa Ziwani na Chakula Chao

Heroe wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960, hupata wekundu wao kutokana na chakula cha majini, hasa mwani unaositawi katika magadi. Ziwa Nyasa ni la maji baridi; mkazi wa Songea ashukaye Mbamba Bay hana haja ya kumtafuta heroe huko. Amtazame mdiria mweusi na mweupe: huelea hewani akipigapiga mabawa, kisha hujitupa majini kichwa mbele kumfuata usipa. Mnandi huzamia, akatoka na kuanika mabawa. Furukombe hunyakua samaki aliye karibu na uso wa maji.

Chandarua cha mbu (kilichotolewa kwa ajili ya kitanda) kikikokotwa kwenye mazalia, huzoa vifaranga wa samaki, chakula cha ndege na kitoweo cha kesho. Ni kosa kisheria. Taarifa ipelekwe kwa afisa uvuvi.