Msuli Unapobana Majini

Msuli ukimbana muogeleaji, mara nyingi hushika shavu la mguu, unyayo au nyuma ya paja. Nyama hujikusanya ikawa ngumu kama jiwe, vidole hujipinda vyenyewe, na maumivu hudumu kwa sekunde chache au dakika kadhaa. Nchi kavu hiyo ni karaha tu. Majini inaweza kuua, ingawa si kwa sababu ya mguu mmoja kugoma: mtu mwenye hewa kifuani huelea, hasa katika maji ya chumvi, na mikono miwili inatosha kumfikisha ufukweni. Kinachozamisha ni kupapatika. Anayepapatika husimama wima majini, hunywa maji, hupumua ovyo, na nguvu humwishia upesi.

Ndiyo maana cha kwanza si kuushughulikia mguu. Muogeleaji anageuka chali, anaacha masikio yazame, anavuta pumzi hadi kifua kijae na kuitoa polepole. Akishatulia juu ya maji, anainua mkono mmoja na kumwita mwenzake. Mguu unafuata.

Dawa yake ni kuunyoosha msuli uliojikunja. Kwa shavu la mguu, goti linanyooshwa, kisigino kinasukumwa mbele na vidole vinavutwa kuelekea goti. Vitabu vingi huagiza kushika vidole kwa mkono, lakini anayejikunja kuvifikia huzama kidogo, na mwenye hofu hupoteza utulivu wote hapohapo. Bora aanze bila mkono, na autumie tu baada ya kujaza hewa kifuani. Unyayo nao hulegea vidole vikivutwa juu. Paja la nyuma linataka goti linyooke na mguu uinuliwe. Paja la mbele linataka goti likunjwe na kifundo kivutwe kuelekea kalio. Msuli ushikiliwe hivyo bila kuushtua mpaka ulegee, kisha usuguliwe kwa kiganja. Safari ya kurudi ni ya chali, kwa mikono, miguu ikipumzika. Msuli uliobana mara moja hubana tena kirahisi, kwa hiyo kuogelea kwa siku hiyo kumekwisha, hata kama mguu unaonekana umepona.

Chanzo chake kimebishaniwa kwa karibu miaka 100. Katika miaka ya 1920, watafiti wa Uingereza waliona wachimba makaa ya mawe wakibanwa na misuli baada ya kutoka jasho jingi na kunywa maji matupu, na maji ya chumvi yakawasaidia. Tangu hapo jibu la haraka limekuwa chumvi na maji. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia washindani 210 wa mbio ndefu za kuogelea, baiskeli na kukimbia nchini Afrika Kusini, haukuona kwamba upungufu wa maji au wa chumvi ya damu ndio uliotangulia tatizo. Waliobanwa walikuwa hasa wale waliokwenda kasi zaidi na waliowahi kubanwa zamani.

Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni ya uchovu. Ndani ya msuli kuna vihisio vinavyouamuru ujikaze, na kwenye kano vipo vingine vinavyouamuru ulegee. Msuli ukichoka, vya kwanza hupiga kelele na vya pili hunyamaza, hasa msuli unapofanya kazi ukiwa umefupika. Na hivyo ndivyo shavu la mguu lilivyo majini: muogeleaji hunyoosha vidole nyuma apate kuteleza vizuri, na kwa kufanya hivyo hulifupisha kila anapopiga mguu. Kulivuta hurudisha mkazo kwenye kano, na amri ya kulegea husikika tena.

Uchovu huo unaweza kuanza kabla ya kuingia majini. Tanga ni mji wa baiskeli, na hapo lipo jambo lisilotajwa katika vitabu vya nje. Kijana anayepiga pedali kutoka Mabawa hadi Raskazone kwenye jua la saa tisa, pengine baada ya mazoezi ya mpira, hufika ufukweni na mashavu ya miguu yaliyochoka tayari, kisha hujitosa moja kwa moja. Kumpa chumvi hakutamsaidia sana. Kinachomfaa ni kupumzika kivulini robo saa, kunywa maji, kunyoosha mashavu ya miguu akiegemea ukuta, na kuanza kwa mwendo wa pole.

Hata hivyo chumvi isipuuzwe. Joto la pwani hutoa jasho jingi, na chumvi inayopotea humo ni sodiamu kwa wingi. Madafu, ambayo kila mtu huyasifia, yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ni kinywaji kizuri, ila yanataka kuandamana na chakula chenye chumvi. Maji ya achari yana kisa chake. Jaribio la Marekani la mwaka 2010 lilionyesha kwamba maji ya achari ya matango yalilegeza msuli upesi kuliko maji ya kawaida, kabla hayajapata muda wa kuingia kwenye damu. Inadhaniwa ukali wake kooni hutuma ishara kwenye neva.

Kinga kubwa ni mazoezi yenye mpangilio. Umbali na kasi visiongezwe siku moja. Shavu la mguu huimarishwa kwa kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha visigino polepole, na mapezi ya mpira yaanze kwa muda mfupi, maana huuongezea mguu kazi. Baharini, muogeleaji afuate ufuo badala ya kuelekea kina, awe na mwenzake, na afunge kiunoni dumu tupu lenye kifuniko kwa kamba fupi. Maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, mkondo hutoka ghubani kwenda bahari kuu; aliyebanwa na msuli saa hiyo huelea vizuri tu, lakini huelea kuelekea nje. Afadhali maji yanayojaa.

Kwinini, dawa ya malaria iliyowahi kutengenezwa Amani katika milima ya Usambara Mashariki enzi za Wajerumani, ilitumiwa na wengi duniani kuzuia misuli kubana usiku. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2006 dhidi ya matumizi hayo, kwa kuwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na chembe za damu. Haifai kwa kazi hii.

Misuli inayobana mara kwa mara bila mazoezi, au baada ya kuanza dawa ya kukojosha kwa ajili ya shinikizo la damu, ni ya kupelekwa kwa daktari. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na maumivu yasiondoke kwa kunyooshwa, huenda ni damu iliyoganda, lisisuguliwe. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai baada ya mazoezi makali, misuli inaweza kuwa inaharibika na figo zimo hatarini. Kwa yote mawili, mtu wa Mabawa aende Hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.