SOMO LA GITA LA MTUMBA: LUGHA YA TANGAZO NA UKAGUZI WA MBAO

Tangu muhula wa kwanza wanachama wa chama chetu wamekuwa wakichanga shilingi ishirini ishirini ili tupate gita la kusindikiza mashairi yetu Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Hazina yetu imefika shilingi 4,600. Kwa pesa hizo gita jipya la kutegemewa dukani tulisahau. Lililobaki ni kutafuta lililokwisha kutumika, na siku hizi hayo huuzwa kwenye intaneti, kwa picha tatu na maneno machache. Kwa hiyo likizo ikifika na mzazi akikuazima simu yake, soma somo hili kwanza. Pesa hizi ni za watu arobaini na zaidi, na wengine walijinyima mandazi ili wazitoe.

Tuanze na lugha, maana sisi ni chama cha Kiswahili. Gita liko katika ngeli ya LI-YA: gita hili, magita haya. "Gita hii" utaisikia kila kona ya mtaa, lakini usiiandike kwenye insha. Tena, gita halichezwi. Gita hupigwa, kama ngoma na zeze. Anayecheza ni yule msikilizaji aliyeshindwa kukaa. Na kuna tofauti kubwa kati ya gita la zamani na gita kuukuu. La zamani lina umri tu, na huenda ni zuri kuliko la jana. Kuukuu ni lililochakaa. Muuzaji atakuandikia "la zamani" hata kama ni kuukuu. Kazi yako ni kujua ni lipi.

Basi tulichambue tangazo kama tunavyochambua shairi. "Linahitaji nyuzi tu." Hilo neno "tu" lina uzito! Gita lisilo na nyuzi haliwezi kujaribiwa, kwa hivyo hujui kama shingo imepinda au la. "Kama jipya" ni tashbihi, na tashbihi si ushahidi. "Bei ya maelewano" ina maana kwamba bei uliyoisoma si yenyewe, usione haya kuishusha. Na likitajwa jina la kampuni kubwa bila namba ya modeli, uliza namba. Kwa kawaida huwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani, unaiona ukichungulia lile tundu la mviringo. Kwa mfano, Yamaha C40 ni gita la nyuzi za nailoni, na Yamaha F310 ni la nyuzi za chuma. Yote mawili yataitwa "gita la kawaida" kwenye tangazo, na picha ikiwa na giza huwezi kuyatofautisha.

Hapa tutue kidogo, kwa sababu ndipo magita mengi ya mtumba yanapouawa. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 zikijumlishwa. Za nailoni huvuta takriban kilo 40. Gita la nailoni limeundwa kwa mbao nyepesi zilizopimiwa mvuto huo mdogo. Mtu akilivalisha nyuzi za chuma ili "lilie kwa nguvu", tumbo hufura, daraja linaloshika nyuzi hung'oka polepole, na shingo hujikunja kama upinde. Kisha huvuliwa nyuzi, hupigwa picha, na huandikwa: linahitaji nyuzi tu. Umeona?

Kwa hiyo usikubali picha za mbele pekee. Omba picha ya ubavuni, ya mgongo, ya daraja kwa karibu, na moja ya shingo iliyopigwa kutokea kichwani kuelekea tumboni. Omba pia moja yenye kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe ya leo. Mwenye gita mkononi hatachukua dakika tano. Mwenye picha za kuokota atakasirika.

Ukilifikia lenyewe, liangalie kwa utaratibu. Lichungulie shingo kama fundi anavyochungulia ubao kujua kama umenyooka. Chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza chini ya daraja. Ikiingia, gundi imeachia. Hesabu vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukata shingo, ambavyo wapigaji huviita freti, mpaka cha 12. Hapo uzi haufai kuinuka zaidi ya milimita 3 hivi kwa gita la chuma, au 4 kwa la nailoni. Ukiinuka sana, vidole vya mwanafunzi vitalia kabla ya gita.

Freti ya 12 ina siri nyingine. Iko karibu na katikati ya uzi, na uzi uliokatwa nusu hutoa sauti ileile, oktava moja juu. Basi piga uzi wazi, kisha ubonyeze hapo upige tena, ukitumia programu ya simu ya kupimia sauti. Ukiwa E wazi, uwe E tena. Ukionyesha katikati ya E na F, gita hilo litaimba kombo hata likazwe na bingwa.

Ufa mdogo unaofuata mishipa ya mbao tumboni si mwisho wa dunia, fundi huuziba kwa gundi. Ufa pale shingo inapokutana na kichwa, mimi ningeaga na kuondoka. Vigingi vya kukazia nyuzi hubadilishwa, hivyo vibovu ni sababu ya kupunguza bei, si ya kukataa. Mikwaruzo achana nayo.

Kuhusu malipo sina maneno mengi. Kutaneni mahali pa watu, mchana, ukiwa na mtu mzima. Usitume "ya bodaboda" kwanza wala "ya kushikilia". M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaenda. Lisome, ulilinganishe na la mtu aliye mbele yako.

George Mukabi alizipa nyimbo za Kiswahili mdundo wa Magharibi ya Kenya kabla ya kufariki mwaka 1963, na gita lake lilikuwa la kawaida lisilo la umeme. Sisi tutaanza na nyuzi mpya. Badilisha mmoja mmoja, kutoka mnene hadi mwembamba: E, A, D, G, B, E. Za nailoni huvutika, kwa hiyo siku chache za mwanzo zitashuka kila saa. Hiyo si kasoro. Kaza tena, uendelee kupiga.